Ghorofa ya Tatu, Upande wa Ziwa

Agosti walinikabidhi funguo kumi na moja,
simu ya zamu yenye ufa usoni,
na kitabu cha kanuni kizito kama mkate wa shayiri
aliokuwa akiuoka nyanya yangu Mfini.
Nikakisoma chote. Nikapigia mistari.
Nikakata samaki thelathini na wawili wa karatasi,
kila mmoja nikamwandika jina la mtu,
nikawabandika milangoni,
nikajiona nimeshakuwa mlezi wa bweni.

Thaddeus wa chumba 308 aliunguza bisi juma la kwanza.
Nilimwandikia ripoti moshi haujatoka dirishani.
"Hata hukuuliza kama nimeungua," akasema,
vidole vimo ndani ya kikombe cha barafu.
Ukurasa wa arobaini haukutaja vidole.

Basi nikageukia upande wa pili,
nikawa mwenzao.
Nikala piza yao saa saba usiku, nikacheka,
chupa zilipogongana chini ya kitanda cha Kirby
nikakohoa ili nisizisikie.
Hadi Odalys, mwenye mtihani wa kemia asubuhi,
alipokuja na mto wake mlangoni pangu.
Hakusema neno. Aliulaza mto sakafuni, akaulalia.
Alfajiri nilimruka nikienda kuoga,
na maji yalitoa kila kitu isipokuwa aibu.

Bi Pruitt, msimamizi wetu, si mtu wa hotuba.
"Unagongaje mlango?" aliniuliza.
Nikagonga meza yake mara tatu, harakaharaka.
"Hao ni polisi. Gonga kama mtu anayerudisha sahani."

Sahani.
Niliibeba kichwani korido nzima, wiki nzima.
Nikajifunza kupiga hodi kisha kunyamaza,
kuhesabu pumzi sita kabla ya kugonga tena,
kuridhika na "niko salama" ya mtu aliye salama
na kubaki mlangoni kwa ile nyingine.

Kisha Januari. Kengele ya moto, saa tisa usiku,
baridi ya kugandisha kope,
upepo wa Ziwa Superior ukitupekua ndani ya mablanketi.
Nilihesabu watu chini ya taa ya maegesho:
thelathini na mmoja.
Nikarudia: thelathini na mmoja.
Orodha ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.
"Lorelle Vairo," nilimwambia mzimamoto, "chumba 316,
lakini anzeni kutafuta chumba cha kufulia."

Walimkuta huko, mgongo kwenye mashine ya kukaushia,
ndani yake taulo moja likizunguka.
Hapakuwa na moto, waya tu ulioliwa na panya.
Nilimvika koti langu. Meno yake yakigongana, akasema:
"Kengele niliisikia.
Sikudhani nami nahesabiwa."

Mama yake ana duka la kufulia nguo kule Escanaba.
Amekua akilala juu ya ngurumo ile, juu ya joto lile.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
kimya cha 316 kilikuwa kikimpigia kelele tangu Septemba,
nami nimepita hapo kila usiku
nikishukuru kuwa kuna chumba kimoja kisichonisumbua.

Sikumpa nasaha. Nilimpigia Bi Pruitt,
tukamtafutia mshauri, miadi ya Jumanne.
Usiku uliofuata nilibeba nguo zangu safi
nikashuka kuzifua upya.
Tulikaa sakafuni, yeye na jiometri yake,
mimi na soksi zisizo na wenzake.

Sasa ni Aprili. Samaki wengi wamedondoka.
Bisi zimeungua tena 308;
nilifika na barafu kwanza, kalamu baadaye.
Kirby hanisalimu tangu Februari
nilipomwandikia kwa haki, mkono ukitetemeka.
Hilo nalo limo kwenye ujira:
chumba cha bure, milo kumi kwa juma,
na mtu mmoja anayeugeukia ukuta
kila ninapopita.