Gurudumu la Kushoto

Njogu aliniuzia gari mwezi wa Aprili, Barabara ya Ngong.
Alilipiga boneti kofi kama mtu anayesifu ng'ombe:
"Dada, hili lilikuwa la mwalimu mzee huko Nagoya.
Lilikwenda sokoni na kurudi, basi."
Nikaamini. Mkopo wa sako ulikuwa tayari unaniwasha mfukoni.

Kila asubuhi mwanamke wa Kijapani ndani ya dashibodi
huniambia jambo, kwa adabu, lile lile.
Sijui ni dua au ni onyo.
Humjibu, "Asante, mama," nikatia gia.

Wiki ya tatu, mteremko wa Kangemi, nakanyaga breki:
kwiiiii.
Kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya darasa
na mtoto aliyeonewa.
Watu wa kituoni wakageuka wote.
Mama wa mahindi akainua upepeo wake kama ngao.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilikuwa zima mno.
Nikajifunza kuachia mafuta mapema,
kuziomba taa zisiwe nyekundu,
kupandisha redio kila penye mteremko.

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa huwauliza:
linauma ukiinama? Ukivuta pumzi?
Gari nalo nikaliuliza vivyo hivyo.
Likiwa baridi, linalia.
Likipata moto, linanyamaza kwa kisirani.
Likirudi nyuma, linaguna.
Siku ya mvua halilii, linakohoa.

Fundi wa kwanza pale Grogan hakuinama hata kidogo.
"Pedi hizo." Elfu sita na mia tano.
Kwiiiii, mpaka nyumbani.
Wa pili akasema diski, akazichonga, akanirudishia
unga wa chuma kwenye gazeti, eti ushahidi.
Shemeji yangu, ambaye si fundi wa chochote,
alisema ni vumbi, nipulize.

Musembi hakusema neno.
Alinipa ishara niendeshe polepole uani,
yeye akatembea kando ya gurudumu, kichwa chini,
kama anayemsindikiza mgeni mwenye siri.
Kisha jeki. Kisha spana. Kisha kimya kirefu.
Akachomoa pini nyembamba, nyekundu kwa kutu.
"Mwalimu wako alipita kwenye theluji," alisema.
"Huko barabara humwagiwa chumvi."
Akanionyesha pedi mpya, upande mmoja umelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
"Breki kushika si kazi, dada. Kazi ni kuachia."
Akaisugua pini kwa msasa, akaipaka grisi kwa kidole cha mwisho.
Elfu moja na mia mbili, na soda yake.

Nikateremka Kangemi kimya kama mafuta.
Nilikanyaga hata pasipo haja, nisikie kutosikia.

Uthiru, saa tatu usiku, geti limefungwa.
Kwa miezi minne sikuwahi kulikuta limefungwa.
Taa zangu zikamulika rangi yake inayobambuka,
hadi Ekidor akatoka, blanketi begani, viatu mkononi:
"Sista! Leo umekuja kwa miguu?"

Ndani, Gatwiri alikuwa amelala kwenye kochi
karibu na dirisha, soksi moja mguuni.
Kila jioni hujificha nyuma ya mlango anitishe,
nami kila jioni hutishika.
"Alikuwa anangoja mlio," dada wa kazi akaniambia,
"akasema umechelewa."

Asubuhi, mdomo umejaa uji:
"Mama, gari limenuna?"

Siku hizi hupiga honi mara mbili
pale kwenye kona ya duka la gesi.
Gatwiri mara husikia, mara hasikii.
Ekidor anasema honi ni ya kila mtu.