Oveni ya Mama Mdogo

Oveni hii ilizoea siagi.
Miaka tisa, kule Pasua, iliumua keki za kipaimara,
ikaacha vanila ukutani mwa jiko,
mpaka kishikio kikachomoka, na mama mdogo Eliaichi
akanunua kubwa zaidi. Akaniambia: chukua,
ila usinirudishie.

Sirudishi. Aliyeoka risasi humu
haoki tena mkate. Nimeliandika hilo mlangoni
kwa peni nyekundu, chini ya fuvu
alilochora Haikaeli, fuvu linalotabasamu
kwa meno mengi kuliko yanayohitajika.

Ubao wenyewe hauzidi kiberiti.
Uji wa risasi unalala kwenye friji, nyuma ya mtindi,
mifuko mitatu, SI CHAKULA.
Nauweka juu ya bati la kopo la soda nililolitoboa matundu,
nauburuta kwa kadi ya benki iliyokwisha muda:
mara moja tu, mkono usirudi nyuma.
Ukirudi, futa, anza upya, usimlaumu mtu.

Kisha kibano. Kisha pumzi.
Rezista ndogo kuliko punje za ulezi,
na ulezi angalau una uzito;
hizi ukipiga chafya umehamisha mtaa mzima.
Jana Haikaeli alicheka, nne zikaingia kwenye zulia.
Zimo humo hata sasa. Tunatembea juu yake kwa adabu.

LUKU inasoma uniti mbili na nukta.
Zinatosha, kama mpangaji wa chumba cha pili
hatakumbuka mashati yake.

Mlango naukaza kwa waya. Haikaeli anasoma kipimajoto:
tisini. Mia na kumi. Mia na hamsini.
Hapo tunangoja. Ubao upate joto mwili mzima,
kama mgeni anayepewa maji kabla ya kuulizwa habari.
Unatoka moshi mwembamba, unanuka utomvu wa msonobari.
Mji huu umebeba jina hilo kabla yetu;
tunafungua dirisha, basi.

Mia na themanini na tatu.
Tazama sasa, kupitia kioo chenye madoa ya sukari ya zamani:
uji uliokuwa kijivu kama jivu lililorowa
unang'aa ghafla,
na vipande nilivyovipanga kombo, kwa mkono uliochoka,
vinajivuta, vinanyooka,
kila kimoja kitandani pake.
Hakuna aliyevigusa.
Nimeliona hili labda mara thelathini
na bado nasahau kufunga mdomo.

Kimoja kimekataa. Kimesimama kwa mguu mmoja,
wima, kama jiwe la kaburi la babu kule migombani.
Kosa ni langu, uji ulizidi upande wa kushoto.
Nitakilaza kesho kwa mkono.

Mia mbili na kumi, na kabla sijasema zima,
giza.
Uniti zetu zimekwenda na mashati ya watu.
Tukakaa tukisikiliza bati la oveni likijinyoosha, ti, ti,
mlango nikaufungua kidogo kidogo,
Haikaeli akanong'ona: umeiva?

Umeiva.

Utapanda Uru, ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka
lililozibwa kwa nta, ufungwe kando ya mfongo.
Zamu ya mama huanguka saa tisa usiku,
na miaka yote hulala na kanga ya shambani kiunoni,
jembe mlangoni, sikio moja mtaroni,
asije jirani wa juu akajisahau na maji.
Sasa yakifika, simu italia chini ya mto wake
mara moja. Ndiyo kazi yake yote, kulia mara moja.

Jumapili alipiga. Nasikia unanioka kitu, akasema.
Nikamwambia asubiri.
Akanyamaza kidogo, halafu:
usisahau iliki.