Wikio

Mimi ndiye kijumbe wa upatu wa Mkomani:
wanawake kumi na wanane, daftari moja,
kalamu imefungwa uzi isipotee.
Najua nani huchelewa na kwa nini,
nani huuza bangili kila Rajabu,
na sijalisema hata kwa mto ninaolalia.
Ndiyo maana Lali alinijia mimi.

Alikaa tekani, kompyuta mapajani.
Shangazi, najenga soko.
Halina paa wala msimamizi.
Mwenye sarafu na mwenye shilingi wakutane mtandaoni,
wapeane, waachane,
na katikati asikae mtu wa kuhesabu pumzi zao.
Na mmoja akidhulumu?
Kila mmoja huweka rehani kwanza, akasema.
Nikamwambia: lina akili kuliko baraza la wakwe zangu.

Lakini kuliandika soko ni miezi minane ya kula,
na umeme, na mtu wa kulikagua.
Sikuelewa yote. Nilimwelewa Rukia,
binti yangu, yuko Maskati, analea watoto wa watu.
Kila akituma, wakala hukata chake,
halafu hukata na ulimi:
sijafika nyumbani, mumewe ameshajua ni ngapi,
na mama wa mume ameshajua zitanunua nini.
Pesa ile hunifikia imevuliwa nguo.

Nikamwonyesha Lali juu.
Waliona wikio lile,
toka kwa Bi Zainabu hadi kwetu, juu ya kichochoro?
Nyanya zetu walivukia humo
na sufuria, na mkufu wa kuazima, na siri;
chini akapita punda, akapita kadhi,
wala hapana aliyejua.
Ndilo hasa, akacheka, ila boriti zangu ni hesabu.
Boriti ni boriti, mwanangu. Mkoko nao hulipiwa.

Akaja bwana mmoja, suruali ya kitani,
ameshukia hoteli ya Shela.
Alipe zote, leo, kabla ya adhuhuri.
Ila aachiwe kidirisha.
Kitundu tu, cha kidole,
aone nani kampa nani; hatasema, aapa.
Lali alinyamaza. Nilimwona akipiga hesabu
ya kodi, na dawa ya sukari ya babake.
Mwenye njaa hasemi hapana mara moja.
Husema nitafikiri, na sauti humkatika.
Asubuhi alimrudishia bwana kadi yake
na pakiti ya biskuti, haijafunguliwa.

Basi tukatandaza mkeka wa mchango.
Anwani ndefu, herufi na tarakimu
kana kwamba mtoto kazipiga ngumi.
Jumla tutaiona; mtoaji, hata sisi hatumwoni.
Siku ya kwanza: bei ya mkate wa mofa.
Siku ya nne: hakuna.
Siku ya tisa zikaingia nyingi mno, tukaogopa.

Hili silifichi.
Giza linalomsitiri Rukia humsitiri na mwizi.
Wikio lilipitisha mkufu wa kuazima;
siwezi kuapa halikupitisha wa kuibwa.
Nilimwambia Lali. Hakuwa na jibu,
wala hakujitia kuwa nalo.
Nikampenda zaidi.

Mwezi wa tano, robo ilibaki,
na zamu ya upatu ilikuwa yangu.
Nilikuwa nimeiwekea dari ya jikoni.
Nikaitoa kwenye kidaka, bahasha yanuka udi,
nikamtilia mapajani.
Akashika simu:
Shangazi, niandike jina gani?

Nikamtazama mtoto huyu.
Miezi mitano anatuhubiria sitara,
halafu aniuliza jina.

Masika yale mvua iliingia jikoni.
Niliweka sufuria chini ya tundu,
nikaiacha ihesabu.