Sekunde Tisini na Nne

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Wairegi,
kompyuta ambayo benki fulani ilikula ujana wake:
kibandiko cha mali ya ofisi kingali tumboni,
herufi N imefutika, na feni
inakoroma kama mtu aliyelalia mgongo.
Kumbukumbu, gigi mbili. Diski, ile ya kuzunguka.
"Ya nini hii," akauliza, "na wewe ni mtu wa Upper Hill?"
Nikamwambia, hii ndiyo mizani yangu.

Maana huko juu Kiragu akibofya
dirisha hufunguka kabla kidole hakijainuka.
"Inapaa," husema. Naam, inapaa,
mashine yake ina nafasi ya kufugia ng'ombe.
Lakini Nesi Akumu, Dandora, awamu ya nne,
ana pacha wa hii yangu,
na foleni inayoanza saa kumi na mbili asubuhi.

Basi naketi nayo. Nabofya. Nahesabu.
Sekunde kumi: nembo yetu yaanza kuzunguka.
Arubaini: ingali yazunguka, maridadi.
Sitini: feni yapandisha mori.
Tisini na nne: jina la mgonjwa.
Narudia mara kumi, kwani kipimo kimoja ni uvumi.
Naandika zote, hata ile ya mia na mbili,
stima ilipopepesa.

"Dakika moja na nusu," Kiragu akasema, "si kitu."

Sikubishana. Nikamvutia kiti.
Nikampa begi lake mwenyewe alipakate
kama mtoto mwenye homa,
halafu abofye.

Akangoja. Akalihamishia begi goti la pili.
Akaitazama nembo aliyoichora wiki mbili
ikizunguka,
ikizunguka.
Kwenye sekunde ya hamsini, au karibu na hapo,
aliacha kuitazama nembo
akalitazama begi.

Kufikia jioni nembo haikuwapo,
wala vivuli, wala ile orodha ya wagonjwa elfu tatu
tuliyokuwa tukiibeba yote ili kumsoma mmoja.
Kumi na saba. Kumi na sita. Kumi na tisa, sijui kwa nini.
Kumi na saba.

Nikampigia Akumu. Akacheka.
"Sasa kipimajoto nitakiosha saa ngapi?"
Kisha nikamsikia, mbali kidogo na simu,
akiita: "Anayefuata."