Kucha za Mgeni

Ulishuka na karatasi ya rangi mkononi,
bahari imechapwa buluu kupita kiasi,
na swali lako la kwanza, hata mkoba hujautua:
"Pazuri ni wapi?"
Mimi ni dereva tu wa nyumba ya wageni ya akina Sakae.
Nikasema, mvua inakuja, funga kioo.

Hapa Amami mvua haipigi hodi.
Inateremka mlimani na viatu vyake,
inapita sebuleni, inatokea jikoni,
na jua nyuma yake na kitambaa cha kupangusia.
Ulicheka. Nikajua utakaa.

Ufuo tulikwenda, siwezi kukunyima ufuo:
mchanga ni matumbawe yaliyosagwa na meno ya pono
(kumbe pono naye ana saa za kazi),
maji yanabadili jina kila wingu likipita.
Ulipiga picha arobaini, kisha ukachoka
kama mtu anavyochoka na asali.

Usiku tukamtafuta sungura mweusi,
gari linatambaa, mitapo inatukwaruza ubavuni,
wewe umetoa kichwa nje, nami nakukumbusha habu,
nyoka asiyeuliza mtu katoka wapi.
Saa tatu nzima. Sungura hatukumwona.
Tuliona mavi yake, punje mbichi barabarani,
ukachuchumaa, ukayamulika
kama aliyeokota lulu.

Kesho yake ndipo nikakupeleka kwa Chinami.
Hakuna kibao. Bonde, bati, moshi,
pipa la vipande vya techi likichemka tangu juzi,
na bwawa la tope lisilo na haya.
Chinami kasimama ndani, tope mapajani,
anazamisha hariri, anaikamua,
anaizamisha.
"Mara ngapi?"
"Mpaka iwe nyeusi."
Baba yake, Morihide, alihesabu themanini.
Yeye anahesabu kwa mgongo.

Tope likichoka, alikwambia, chuma kikiliishia,
hulilisha majani ya mtapo,
mti ule ule ambao bibi yake
alikula mbegu zake mwaka wa njaa,
kwanza akiziosha sumu, siku baada ya siku,
watoto wamekaa mlangoni wanatazama maji.

Ukavua skafu yako nyeupe.
Mara ya kwanza ilitoka rangi ya chai.
Ya tano, kutu.
Ya kumi na mbili ukaacha kuhesabu,
simu yako inalia juu ya jiwe, inalia,
inakata tamaa.

Jioni wali uliomwagiwa mchuzi wa kuku,
sukari guru kwenye kisahani, nyeusi, ya moshi.
Ulikula mapande sita kabla sijakwambia
kwamba waliolima miwa hii zamani
walikatazwa hata kulamba kidole.
Ukaliweka la saba chini.
Chinami akalirudisha mkononi mwako: "Kula. Sasa ni yetu."
Kisha akaimba, na zeze la ngozi ya nyoka,
sauti ikapanda, ikapanda, ikavunjika,
na hapo inapovunjika ndipo wazee kwa vijana
walipoitikia.

Sasa unaandika kutoka Nagoya:
mkutanoni mkuu wako alizitazama kucha zako.
Umejaribu limau, sabuni, msasa.
Zitakua, usijali.
Ila skafu umeisahau kwenye kamba.
Imenyeshewa mara nne tangu uondoke.
Haijachuja.