Swali la Kwanza ni Wapi

Saa nane na robo usiku, mwezi wa Septemba,
taa nyekundu ikawaka mezani pangu.
Siulizi jina kwanza. Jina halina njia.
Nauliza: Uko wapi?

Pumzi. Kisha Kiingereza
kilichovaliwa haraka, kama koti la kuazima:
"Aisilandi."

Ee mama, Aisilandi!
Hata mimi nimo Aisilandi,
mimi na kahawa yangu iliyopoa
na soksi za sufu alizonifumia shangazi Ragnhildur.

"Taja unachokiona."
"Giza."
"Na kabla ya giza?"
Alikuwa na picha. Kibao, alikipiga jioni
kwa sababu jina lake lilimchekesha.
Sasa halichekeshi.
"Lisome kama mtoto, herufi moja moja.
Ukikuta d iliyokatwa shingo,
sema hivyo hivyo: d iliyokatwa shingo."

Akasoma. Tukaujenga mto ule wawili sisi,
kiungo kwa kiungo,
mpaka ramani yangu ikafumbua jicho.

Eulalia, kutoka Gwatemala.
Kakake, Anselmo, kaondoka kwa miguu
kutafuta msaada, saa nzima sasa,
na jaketi moja, jepesi.
Simu ya dada: asilimia tisa.
"Usimpigie mama yako. Usiwashe tochi ya simu.
Hizo tisa ni zangu na zako."

"Gari liko wapi?"
"Barabarani. Limezima tu."
"Barabarani kabisa?"
"Kabisa."

Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia maji.
Si mvua. Maji yenye mawe mdomoni,
maji yanayosukuma kitu cha bati.
Barabara ile ni kavu kama biskuti,
naijua, nimezaliwa kilomita thelathini kutoka hapo.

"Atakuja nani?" akauliza.
"Polisi. Na waokoaji wa kujitolea."

Akanyamaza.
Miaka kumi na moja naokota vimya vya watu;
kimya cha maumivu kina kingo,
cha mlevi kinayumba,
hiki kilikuwa kimejificha chini ya kitanda.
"Kwetu," akasema polepole, "polisi akija usiku
humchukua mtu. Hamrudishi."

Sikumwambia hapa si kwenu.
Kila mtu husema hivyo, na haisaidii.
Nikamwambia: "Eulalia, nasikia maji.
Nikiwatuma barabarani, watamtafuta kakako
mahali ambapo hakupita."

Asilimia saba.

Ndipo ukweli ukatoka, umelowa:
waliiacha barabara, wakafuata alama za matairi ya mtu mwingine,
wakauvuka mto mara moja, mara ya pili mto ukakataa.
Anselmo alishuka na mkondo, si na njia.

Nikaihamisha alama kwenye ramani.
Kidole kimoja tu. Upana wa ukucha.

Walitoka vitandani: daktari wa meno, muuza samaki,
mwalimu wa hesabu na mbwa wake mwenye sikio moja.
Mbele yao Brynjar, polisi, mtu mzito wa maneno.
Saa kumi na moja kasoro walimkuta Anselmo
amejikunja nyuma ya jiwe kubwa, midomo ya buluu,
akiwaomba msamaha kwa Kihispania.

Brynjar aliniambia baadaye jinsi alivyoandika maelezo:
alivua kofia, akaketi chini kuliko yeye,
akampigia mkalimani, akamsomea kila mstari
kabla hajaomba sahihi.
Eulalia akarekebisha mahali pawili.
Akarekebisha! Kalamu ya polisi!

Kisha akamwandikia faini ya kuiacha barabara.
Faini halisi, yenye stakabadhi.
Inasemekana aliishika ile karatasi kwa mikono miwili
kama cheti cha ubatizo, akaikunja vizuri,
akauliza kama anaweza kubaki na nakala.

Mimi sikumwona. Siwaoni kamwe.
Nina sauti zao tu, na mto.

Simu iliyofuata alikuwa bwana mmoja, mchangamfu,
aliyetaka kujua kama taa za angani zitacheza usiku huo.
Nilikuwa na jibu kali, lipo ulimini.
Nikavuta pumzi.
"Uko wapi?" nikamwuliza.