Zamu ya Usiku, Keshero

Walimleta kwa chukudu, juu ya magunia ya makaa,
Kasoki, miaka saba, midomo rangi ya zambarau iliyoiva.
Alimfuata mbuzi shimoni, nyuma ya Mugunga,
na shimoni mlikuwa na mazuku.

Mazuku hayana harufu. Hayabishi hodi.
Yanapenya kwenye nyufa za lava, yanatuama bondeni kama maji;
aliye mrefu anapita kichwa kikiwa nje,
aliye mfupi anazama akiwa amesimama.
Ndiyo maana hutangulia kuku, mbwa, mbuzi,
kisha watoto.

Saa saba umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza: mafuta hayakuletwa.
Mashine ya oksijeni ikalia mlio mmoja mrefu.
Nikachukua puto la mkono.
Kamua. Achia. Kamua. Achia.

Daktari Bwira, ili nisisinzie, akaanza habari za bata.
Bata?
Bata bukini, akasema, wenye mistari miwili myeusi kisogoni,
wanaovuka Himalaya usiku,
juu mara mbili ya Nyiragongo,
mahali ambapo mimi na wewe tungelala tusiamke.
Damu yao ina ngumi. Ikiikamata oksijeni haiiangushi njiani,
inaibeba hadi kwenye msuli wa bawa,
hapo tu ndipo inafungua vidole.
Na wapo watu, akasema, wanaotafuta dawa
ya kuifundisha damu yetu ngumi hiyo.

"Imepatikana?"
"Bado."
"Ikipatikana, itafika Goma?"
Akapekua mafaili yasiyohitaji kupekuliwa.

Kamua. Achia.
Nikamwaza huyo bata. Hakufundishwa na mtu.
Waliokuwa na damu legevu walianguka thelujini,
vizazi kwa vizazi, bila kaburi,
mpaka wakabaki wenye damu inayoshika.
Milima ilikuwa na muda wa kungoja.
Kasoki ana usiku huu mmoja.

Dirishani, mawingu yalikuwa mekundu juu ya kreta,
jiko la jirani asiyelala.
Vidole vikafa ganzi. Daktari akapokea puto.
Vyake vikafa ganzi. Nikapokea.
Mimi bawa moja, yeye bawa la pili,
na katikati yetu kifua kidogo kikipaa na kushuka,
kikipaa na kushuka,
tukiuvuka mlima ambao hauna jina kwenye ramani.

Saa kumi na moja zambarau ikaanza kumtoka mdomoni,
kwanza pembeni, kisha katikati.
Akafumbua jicho moja.
"Mbuzi wangu alitoka?"

Sikumjibu. Nilimpa kidole changu,
akakishika,
wala hakukiachia hata nilipotaka kuandika saa kwenye faili.

Nje, mwenye chukudu alikuwa bado anangoja,
akihesabu magunia yake upya.